Kanuni za Majini na Mashindano ya Motaboti: Ziwa ni la Nani?

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Nilipoombwa nizungumze nanyi juu ya kanuni na utekelezaji wake, bila shaka wengi wenu mlitarajia nije na habari za nidhamu ya kazi, au za mafaili yanayolala mezani mpaka yakaota vumbi. Nimeamua kuzungumzia mashindano ya motaboti. Najua wapo watakaotabasamu. Mchezo wa kukimbiza boti zenye injini kubwa ni mchezo wa nchi zenye fedha, nao mtumishi wa kawaida wa nchi hii hana boti ya kukimbiza, wala hana mafuta ya kuitia. Lakini nakuombeni subira. Katika habari hii ya mbali limo swali linalotuhusu sisi tulio hapa: kanuni ya usalama inapomnyima mtu jambo alilolizoea na kulipenda, itungwe namna gani ili iwe ya haki, na ili itiiwe?

Nitawapeleka Uingereza ya kaskazini, katika nchi ya milima na maziwa iitwayo Lake District, ambayo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Humo limo ziwa Windermere, ambalo ndilo ziwa kubwa la asili kuliko yote katika Uingereza. Kwetu sisi tuliozoea Viktoria na Tanganyika, ziwa hilo ni kijito tu. Urefu wake ni kama kilometa 17, na upana wake, hata mahali palipo pana, hauzidi kilometa moja na nusu au karibu na hapo. Yafaa tukumbuke udogo huo, maana ndio uliozaa ugomvi wote nitakaousimulia.

ZIWA MOJA, WATU WENGI

Mbio za motaboti katika Windermere hazikuanza jana. Tangu miaka ya 1920 wenyeji walikuwa na chama chao cha mchezo huo, na vijana wa pale walikua wakijua sauti ya injini kama vijana wetu wa mwambao wanavyojua sauti ya tanga likipigwa na upepo. Mwaka 1930, tarehe 13 Juni, Sir Henry Segrave alifika pale na boti yake Miss England II, akaweka rekodi ya dunia ya mwendo wa majini: maili 98.76 kwa saa, yaani karibu kilometa 159. Siku hiyo hiyo, alipozidi kuikimbiza, boti ilipinduka. Segrave alifariki dunia, na mhandisi mmoja aliyekuwa naye akafariki pia. Inaaminika kwamba boti iligonga gogo lililokuwa likielea.

Nawaombeni mlishike gogo hilo akilini. Bingwa wa mwendo, mwenye injini bora za wakati wake, aliuawa na kipande cha mti ambacho mvuvi mwenye mtumbwi angekisukuma kwa kafi na kuendelea na safari yake. Mwendo ndio ulioligeuza gogo kuwa mauti.

Miaka ikapita, na watu wakaongezeka ziwani. Mwanzoni motaboti ilikuwa kitu cha watu wachache. Baada ya vita vya pili vya dunia injini zikawa rahisi kupatikana, na kila mwenye gari aliweza kuifunga boti yake nyuma na kuishusha majini siku ya mapumziko. Pamoja nao walikuwapo waogeleaji, wapiga makasia, wenye mashua za tanga, watoto wa shule waliokuja kujifunza kuendesha mitumbwi, wavuvi wa ndoana, na meli za kuwatembeza wageni. Wote hao walikuwa katika ziwa lile moja jembamba.

Walimu wa hesabu mliomo humu mtanisaidia katika jambo hili. Boti iendayo maili 10 kwa saa hupita kama meta nne na nusu katika sekunde moja. Iendayo maili 40 hupita kama meta 18. Kichwa cha mwogeleaji juu ya maji hakizidi ukubwa wa kifuu cha nazi. Mwendeshaji akikiona akiwa meta 36 mbali, wa kwanza ana sekunde nane za kugeuza usukani, na wa pili ana sekunde mbili. Wala hatari haiongezeki kwa kiasi kile kile cha mwendo. Mwendo ukizidi mara nne, nguvu ya mgongano huzidi mara kumi na sita. Hii ndiyo hoja ya usalama, na haihitaji mapambo.

KANUNI INAPOHAMISHA TATIZO

Wakuu wa hifadhi waliliona tatizo hilo mapema, lakini walianzia kwingine. Kufikia mwaka 1983, maziwa matatu makubwa ya eneo hilo, yaani Derwentwater, Coniston na Ullswater, yalikuwa yamekwisha wekewa kikomo cha mwendo cha maili 10 kwa saa. Windermere liliachwa. Matokeo yake yangeweza kutabiriwa na mtoto. Wenye boti za kasi waliofungiwa milango mitatu wote walikimbilia mlango wa nne. Ziwa lililokuwa na msongamano likazidi kujaa, na wenyeji ambao zamani walikuwa na mashindano yao ya kiasi wakajikuta wakilaumiwa kwa fujo za wageni wasiojua hata jina la mchezo.

Hili ni funzo la kwanza kwa sisi watumishi wa umma. Kanuni itungwayo kwa kutazama mahali pamoja tu huweza kulisukuma tatizo likaangukia kwa jirani. Mwenye kufukuza nzi kwenye kitoweo chake hana budi aangalie wanatua kwenye sahani ya nani.

Mwaka 1991 bodi iliyosimamia hifadhi ikapendekeza kwamba Windermere nalo liwekewe kikomo hicho. Ndugu zangu, hapo ndipo vumbi lilipotimka. Upande mmoja walisimama watetezi wa utulivu na usalama. Walisema kwamba hifadhi ya taifa haikuanzishwa ili iwe uwanja wa injini, na kwamba mtu mmoja katika boti ya kasi huwanyang'anya ziwa watu mia bila ya kuwagusa, maana hakuna anayethubutu kuogelea mahali anapopita. Waliikumbuka pia rai iliyotolewa mwaka 1974 na kamati ya Lord Sandford, kwamba palipo na mgongano usiosuluhishika baina ya kuhifadhi mandhari na starehe za watu, kuhifadhi kutangulie. Rai hiyo iliingizwa katika sheria ya nchi mwaka 1995.

Upande wa pili walisimama wenye boti, wenye gati, mafundi wa injini, walimu wa kuteleza juu ya maji, wenye nyumba za wageni, na chama cha mbio. Nao walikuwa na hoja, wala si haki kuwafanyia dhihaka. Walisema kwamba ziwa lile ni njia ya umma tangu enzi za mababu. Kwamba palikuwa na watu waliopata riziki yao kwa boti hizo. Kwamba ajali zingeweza kupunguzwa kwa kugawa ziwa kwa maboya na kwa saa, badala ya kupiga marufuku. Na kwamba mashindano yanayosimamiwa vizuri yana usalama zaidi kuliko mlevi mmoja aliyekodi boti siku ya Jumapili.

Hoja hii ya mwisho ni nzito. Mchezo wa mbio una kanuni zake wenyewe, na aghalabu ni kali kuliko za serikali. Mshindani hukaguliwa boti yake, huvaa kofia ngumu na koti la kuelea, huwa na boti ya uokoaji karibu naye, na hukatazwa kuondoka mpaka msimamizi ainue bendera. Kanuni nyingi za namna hiyo ziliandikwa kwa damu. Huko Marekani, tarehe 19 Juni 1966, waendeshaji watatu walikufa siku moja katika mashindano ya mto Potomac mjini Washington. Vifo vya mabingwa wengine wawili, mmoja mwaka 1981 na mwingine mwaka 1982, vilichangia kuwafanya waundaji wa boti kubwa za mbio kumfunika mwendeshaji ndani ya chumba kigumu, kama rubani wa ndege ya kivita.

Lakini hapana budi tutofautishe mambo mawili. Kanuni za mchezo humlinda mshindani dhidi ya mchezo. Kanuni za ziwa humlinda asiyeshindana dhidi ya mshindani. Mtu anaweza kutimiza za kwanza zote na bado akawa hatari kwa mtoto aliye katika mtumbwi. Ndiyo maana chama cha mchezo, hata kikiwa kizuri namna gani, hakiwezi kuachiwa peke yake kuamua ziwa litumiwe vipi.

MIAKA KUMI NA MINNE

Serikali ya Uingereza haikutia sahihi haraka. Uliitishwa uchunguzi wa hadhara katika miaka ya 1994 na 1995, ambamo kila upande uliruhusiwa kuleta mashahidi na kuwahoji mashahidi wa wenzake. Aliyeusimamia akapendekeza kikomo kikubaliwe. Mwaka 1996 serikali iliyokuwapo ikakataa. Wakuu wa hifadhi wakakata shauri kwenda mahakamani, na mwaka 1997 uamuzi ule wa kukataa ukatenguliwa. Serikali mpya ikalipokea jambo upya, na mwaka 2000 ikaidhinisha kanuni, lakini kwa sharti moja: ianze kutumika baada ya miaka mitano, ili wenye kazi zao ziwani wapate muda wa kubadili shughuli. Hivyo kikomo cha maili 10 za baharini kwa saa, ambazo ni kama kilometa 18 na nusu, kilianza kutumika Windermere tarehe 29 Machi 2005.

Tangu pendekezo mpaka utekelezaji ilipita miaka kumi na minne. Atatokea mtu aseme kwamba huo ni uzembe. Mimi pia nakiri kwamba muda huo ni mrefu mno, na kwamba katika jambo la roho za watu mtumishi wa umma hana haki ya kukaa miaka kumi na minne akipeleka barua na kupokea barua. Lakini tuliangalie jambo kwa upande wake wa pili. Ilipofika siku ile ya Machi, hapakuwa na mtu mmoja ziwani aliyeweza kusema, "Sikuambiwa." Alikuwa amesikia, amebishana, ameshindwa, amepewa miaka mitano. Kanuni ya namna hiyo hata aichukiaye huijua, na aivunjaye hufikishwa mbele ya hakimu bila ya kuwa na pa kujificha.

MLANGO WA CONISTON

Sasa niseme yaliyowapata wana michezo. Zilikuwapo pale Windermere, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, siku za kila mwaka za kujaribu rekodi, ambapo watu wa kila namna, mabingwa na mafundi wa mitaani, walileta boti zao zipimwe mwendo. Kikomo cha 2005 kiliziondoa siku hizo Windermere. Lakini hazikufa. Zilihamia Coniston, ziwa ambalo lenyewe lilikuwa na kikomo cha maili 10 kwa miaka mingi.

Hili ni jambo la kuzingatia. Mchezo ulifukuzwa na kanuni mahali pamoja, ukapokewa mahali pengine penye kanuni kama hiyo hiyo. Uliwezekanaje? Kwa sababu wenye mamlaka waliweka ruhusa maalumu: juma moja katika mwaka, mwezi wa Novemba, wakati wa baridi ambapo wageni ni wachache, kikomo huondolewa kwa ajili ya shughuli hiyo. Boti haziendi kwa kundi. Huenda moja moja katika njia iliyopimwa, kwenda na kurudi, na wastani wa safari mbili ndio huandikwa. Boti za uokoaji huwa tayari. Upepo ukivuma, watu husubiri ufukweni, hata kama kusubiri huko ni kutwa nzima. Jumapili inayofuata, ziwa hurudi kwa wapiga makasia.

Coniston wanajua kwa nini tahadhari hiyo inatakiwa. Tarehe 4 Januari 1967, Donald Campbell alikufa pale pale akiendesha Bluebird K7 kwa mwendo uliozidi maili 300, yaani kilometa 480 kwa saa. Baada ya safari ya kwanza aligeuza akarudi mara moja, bila ya kusubiri. Boti ilinyanyuka, ikabinuka, ikazama, na mwili wake haukupatikana mpaka mwaka 2001. Watu wa kijiji kile wamemzika kwao, na wanamheshimu. Lakini kumheshimu hakukuwafanya wafute kikomo, wala kifo chake hakikuwafanya wapige marufuku mwendo milele. Walitafuta siku, mahali na masharti.

Hata hivyo nisingekuwa mkweli kama ningesema kwamba hakuna aliyeumia. Kupima mwendo boti moja moja si sawa na kushindana ubavu kwa ubavu, na mashindano ya namna hiyo ndiyo yaliyopotea Windermere. Tena kanuni haimwumizi kila mtu kwa kipimo kimoja. Mwenye fedha huifunga boti nyuma ya gari lake akaenda kutafuta maji mengine, hata nchi nyingine. Fundi kijana aliyeijenga boti yake kwa mikono, kwa akiba ya miaka, hana gari wala hana siku za kusafiri, na kwake kufungwa kwa ziwa la kwao ni kufungwa kwa mchezo wenyewe. Mtunga kanuni mwenye moyo wa haki humtafuta kijana huyo na kumwuliza, kabla ya kumwuliza mwenye boti ya thamani. Nadhani juma lile la Novemba lina faida hii zaidi ya zote: limemwachia fundi yule mahali pa kwenda.

NA SISI JE?

Ndugu zangu, mtaniuliza: haya yatusaidie nini sisi, ambao kwetu watu hufa majini bila ya kushindana na mtu?

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria, kikiwa kinakaribia kufika. Watu 228 walipoteza maisha. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Nambari 101 ilikuwapo. Mtu aliikokotoa, mtu akaitia sahihi, mtu akaifungia katika faili. Miaka 22 kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, tulikuwa tumekwisha lia kwa MV Bukoba, iliyozama na mamia ya watu karibu na Mwanza. Kwa hiyo hatukukosa kanuni, wala hatukukosa mfano. Tulichokosa ni kanuni iliyo hai kwenye gati, mdomoni mwa nahodha na masikioni mwa abiria.

Mimi mwenyewe niliwahi kusafiri kwa boti ya abiria kwenda kisiwani. Makoti ya kujiokolea yalikuwapo, tena mapya, yakiwa bado katika mifuko yake ya nailoni, yamefungwa kwa kamba chini ya turubai. Nilipomwuliza kijana wa boti kwa nini hayagawiwi, alinijibu kwa upole kabisa: "Yale ni ya ukaguzi, mzee. Tukiyagawa yatachafuka." Mzee sikuwa, lakini jibu lile lilinizeesha. Kwa kijana yule kanuni ilikuwa kitu cha mkaguzi. Haikuwa yake. Hapakuwa na mtu aliyeketi naye hata siku moja akamweleza, wala hapakuwa na mtu aliyemsikiliza.

Nasi pia tunayo mashindano yetu. Mwambaoni tuna mbio za ngalawa, na kwenye maziwa tuna mbio za mitumbwi siku za sherehe, na siku hizi injini za nyuma zimeenea mpaka vijijini. Hayo ni mambo mema, na Mungu apishe mbali siku atakapotokea ofisa mwoga ayapige marufuku kwa kuogopa kuulizwa. Lakini ofisa anayeyaruhusu kwa barua ya mistari mitatu, kisha akaenda kuketi jukwaani na mgeni rasmi, naye hajafanya kazi yake. Ajiulize kabla: Njia ya mbio imekaguliwa asubuhi hiyo, isije ikawa na gogo la Segrave? Boti za injini za watazamaji zimewekewa mpaka? Boti ya uokoaji ipo, ina mafuta, na aliyemo ndani yake anajua kuogelea? Wavuvi waliojizoelea kupita hapo wameambiwa siku na saa, na waliambiwa lini? Na nani mwenye amri ya kusimamisha mbio upepo ukibadilika, hata kama mgeni rasmi amekwisha fika?

Maswali hayo hayahitaji fedha za kigeni. Yanahitaji mtu mwenye daftari, mwenye ujasiri wa kusema "ngojeni", na mwenye heshima ya kumwuliza mvuvi. Walimu nao wana sehemu yao. Mtoto aliyefundishwa shuleni ile hesabu ya sekunde nane na sekunde mbili, akaielewa, hatapanda boti iliyojaa kwa kuwa tu nahodha amesema ziwa limetulia. Atashuka, na huenda akamshusha na mama yake.

Nimeuliza mwanzoni kwamba ziwa ni la nani. Jibu la Windermere na Coniston, kwa kadiri nilivyolielewa, ni kwamba ziwa ni la wote, na kwa hiyo hakuna atakayelipata lote. Mwenye boti ya kasi amepewa juma lake, na mwogeleaji amepewa mwaka wake, baada ya kubishana hadharani na kusikilizana. Sisi hatuhitaji miaka kumi na minne. Lakini tusipowasikiliza wale watakaobanwa na kanuni zetu, zitaendelea kuwa kama yale makoti chini ya turubai: mapya, safi, na hayamwokoi mtu.